Milima ya Wengine Ukutani Mwetu

Ingieni katika nyumba ya Mkristu hapa Lubumbashi, iwe Kenya au Katuba, Ruashi au Kampemba, mkautazame ukuta wa sebule. Mtaona msalaba, mtaona sanamu ya Moyo Mtakatifu wa Yesu, na kando yake kalendari. Juu ya kalendari pana mlima. Ni jabali kubwa la kijivu, la mviringo, lililokatwa upande mmoja kama mkate kwa kisu. Chini yake pana misonobari na mto maangavu, na pengine theluji. Na chini ya jabali hilo limechapwa neno la Zaburi kwa Kiswahili. Baba wa nyumba hulisoma asubuhi kabla ya kwenda kazini. Ukimwuliza, "Baba, mlima huu ni upi?" atakujibu, "Ni mlima tu."

Siyo mlima tu. Una jina. Unaitwa Half Dome, nao umo katika hifadhi ya taifa ya Yosemite, jimbo la California, nchi ya Marekani. Na ndugu zake tunawajua. Magenge mekundu ya Grand Canyon tumeyaona kwenye kadi za ndoa. Chemchemi za Yellowstone tumeziona kwenye jalada la daftari la nyimbo. Na kila alfajiri simu zetu hulia, kwa kuwa shangazi mmoja mwema ametuma sala ya asubuhi iliyoandikwa juu ya ziwa la Marekani, na wajukuu wote wamejibu "Amina".

Sisi twasema: imetosha. Milima hiyo ishuke ukutani, na yetu ipande.

Tunajua tutakavyojibiwa. Ati Mungu ni mmoja, naye aliiumba milima yote, na Mkristu hana ubaguzi wa milima. Ni kweli kabisa. Lakini Mungu aliyeiumba Yosemite ndiye aliyeiumba Kundelungu, na Kundelungu ndiyo aliyotukabidhi sisi. Mtu anayesifu watoto wa jirani mchana kutwa, na wa kwake hawajui majina, hatusemi kwamba ana moyo mpana. Wazee walituonya tusiache mbachao kwa msala upitao.

Kwanza tuseme jinsi milima hiyo ilivyofika kwetu, maana hakuna aliyetulazimisha. Kwa sheria ya Marekani, picha inayopigwa na mtumishi wa serikali yao akiwa kazini haina mwenyewe. Ni mali ya wote, na mtu ye yote anaweza kuichapa bila kulipa. Walinzi na wapiga picha wa hifadhi zao wamepiga maelfu na maelfu ya picha hizo, nazo zimewekwa wazi katika intaneti. Basi mchapaji wetu, mwenye mashine moja katika kibanda chake mjini, anapoagizwa kalendari ya parokia huandika neno "mlima", na mlima unaomjia ni wa Marekani. Akiandika "maporomoko", yanamjia ya Marekani. Maporomoko ya Lofoi, ambayo maji yake huanguka zaidi ya mita 300 kutoka ukingo wa Kundelungu, na ambayo yamo miongoni mwa marefu kuliko yote ya Afrika, hayamjii. Au yanamjia katika picha moja ndogo, yenye ukungu, isiyofaa kuchapwa. Mchapaji hana kosa kubwa. Alibisha hodi kwetu, hakukuwa na mtu nyumbani.

Lakini wako wanaosema kwamba picha ya mlima ni pambo tu, na pambo halistahili ugomvi. Hao tunawaomba wasikilize habari za Wamarekani wenyewe, kwa sababu kwao picha haikuwa pambo hata siku moja.

Mwaka 1861 mpiga picha mmoja, Carleton Watkins, aliingia bonde la Yosemite na nyumbu waliobeba mizigo yake. Siku hizo haikuwa rahisi kukuza picha. Aliyetaka picha kubwa alihitaji kioo kikubwa. Vioo vya Watkins vilikuwa na upana wa karibu nusu mita, na kila kimoja kilipakwa dawa ndani ya hema, kikapigwa kingali kibichi, kikasafishwa papo hapo. Mwaka uliofuata picha hizo zilionyeshwa New York. Watu wa mashariki, waliokuwa katikati ya vita vyao wenyewe kwa wenyewe, wakasimama mbele yake kimya. Na tarehe 30 Juni 1864 Rais Abraham Lincoln akatia sahihi sheria ya kulilinda bonde lile, naye hakuwa amelikanyaga kamwe. Mwaka 1871 William Henry Jackson akapiga picha za Yellowstone, zikapelekwa mbele ya wabunge, na Machi 1872 ikawa hifadhi ya taifa. Ansel Adams, ambaye wengi humwita baba wa picha za milima, alizichukua picha zake mwenyewe mpaka Washington kuwaombea Kings Canyon, na mwaka 1940 sheria ikapita.

Mmeona? Picha ilitunga sheria. Picha iliweka mpaka. Picha iliwashika wabunge mkono, watu wasiopenda kushikwa mkono na mtu. Nchi isiyopigwa picha na watu wake haina wa kuisemea mbele ya wakubwa.

Sasa tuseme upande wa pili, ambao kalendari hausemi. Tazameni tena picha zile. Muna nini ndani yake? Mawe, maji, miti, mawingu. Hamna mtu. Hamna moshi wa jiko wala njia ya kwenda kisimani. Mtazamaji huona kana kwamba Mungu aliumaliza uumbaji jana jioni, na Adamu hajafika bado.

Huo ni uongo. Yosemite ilikuwa na wenyewe, Waahwahneechee, nao waliishi humo kwa kula mbegu za mwaloni walizozisaga na kupika. Mwaka 1851, miaka kumi tu kabla ya Watkins, kikosi chenye silaha kiliingia bondeni kuwafukuza, kikachoma nyumba zao, kikachoma na maghala ya chakula chao. Hata zile nyika za majani zinazopendeza picha, zilizowafanya wageni waseme "bustani ya Mungu", zilikuwa bustani ya watu: wenyeji walizichoma kwa mpango mwaka hata mwaka ili msitu usizifunge. Mpiga picha alisifu kazi ya mikono yao, kisha akaipigia picha bila wao. Wachache waliorudi waliachwa kukaa kwa taabu, na nyumba za mwisho za kijiji chao zilibomolewa mwaka 1969.

Kwa nini tunawasumbua wasomaji na habari za Waindio wa mbali? Kwa sababu mfano huo ulivuka bahari ukaja kwetu. Mwaka 1919 Mfalme Albert wa Ubelgiji alizuru Marekani, akaonyeshwa hifadhi zao, zikampendeza. Naye Carl Akeley, Mmarekani, alifika Kivu mwaka 1921 akawapiga sokwe wa milimani kwa kamera ya sinema, akarudi na kusihi walindwe. Mwaka 1925 ikatangazwa hifadhi ya Albert, ya kwanza katika Afrika nzima, ambayo leo inaitwa Virunga. Sokwe wangali hai, nasi tunamshukuru Mungu. Lakini ugomvi wa mipaka na wakulima wa kandokando haujaisha hata leo. Mwaka 1939 ikafuata Upemba katika Katanga yetu, na mwaka 1970, wakati wa Rais Mobutu, ikafuata Kundelungu. Waliozoea kuwinda na kuvua humo waliambiwa kwamba sasa ni wavunja sheria. Wataalamu walipeleleza Upemba tangu 1946 hadi 1949, wakahesabu vyura, nyoka na wadudu, wakatoa vitabu vizito kwa Kifaransa. Vitabu hivyo viko Ulaya. Mzee wa Upemba anayejua jina la kila kijito hakuonyeshwa hata ukurasa mmoja.

Basi tumepata hasara mbili. Tulipokea mpaka kama wa Marekani, wala hatukupokea picha. Wamarekani wanaipenda Yosemite kwa kuwa wameiona, tangu utoto, katika kila nyumba. Sisi twaambiwa tuipende Upemba kwa kuwa imekatazwa. Nani hupenda kitu kwa sababu amekatazwa kukigusa? Na msidhani tunatia chumvi tukisema imesahauliwa: shirika ambalo ICCN ilipatana nalo mwaka 2017 kuiendesha Upemba linaitwa Forgotten Parks, yaani Hifadhi Zilizosahauliwa. Jina hilo limeandikwa mlangoni petu, nasi tunapita.

Na wakati tunapita, nchi inaondoka.

Msomaji aliyesafiri kwenda Kolwezi amevipita vilima vya Fungurume. Zamani vilitambulikana kwa mbali, kwa kuwa kipara chao hakikuota miti: shaba iliyomo udongoni huikataa. Mahali pa miti paliota majani na maua yanayovumilia sumu ile. Moja ni lile ua la shaba, ambalo wataalamu wameliita kwa jina la Katanga yenyewe, Haumaniastrum katangense. Hupenda udongo wa shaba hata likawaonyesha wachunguzi wa mambo ya kale mahali pa tanuri za babu zetu, wale walioyeyusha shaba na kutengeneza misalaba midogo ya biashara karne nyingi kabla ya Mzungu wa kwanza. Katika vilima vya shaba vya Katanga kuna mimea yapata 30 isiyoota popote pengine chini ya jua. Yosemite haina mimea hiyo, wala hakuna kalendari iliyoionyesha. Tangu mwaka 2009 mgodi mkubwa wa Fungurume unatoa shaba na kobalti, na kilima baada ya kilima kinakuwa shimo.

Hatusemi shaba isichimbwe. Mji huu ulizaliwa na shaba, na ada za shule za wengi wetu zililipwa na shaba. Twauliza jambo moja: iko wapi picha ya kilima kabla hakijaliwa? Siku mzee wa kijiji anaposimama mbele ya mabwana wa kampuni na kusema, "Hapa palikuwa na shamba langu, na kaburi la mama yangu, na chemchemi," naye akajibiwa kwamba palikuwa pori tupu, atatoa nini mfukoni? Kampuni ina ramani, ina picha zilizopigwa kutoka angani. Yeye ana maneno. Na jambo la kuchekesha, kama lingekuwa la kuchekesha, ni hili: simu anayotumia kijana wake kutazama Yosemite ina kobalti katika betri yake, na huenda kobalti hiyo ilitoka katika kilima kilekile.

Wamarekani nao walipoteza. Ndani ya hifadhi ileile ya Yosemite walikuwa na bonde la pili, Hetch Hetchy. Sheria ya mwaka 1913 iliwaruhusu watu wa San Francisco kulijaza maji, na boma likakamilika mwaka 1923. Lakini picha zilizopigwa kabla ya maji zipo, na kwa ajili ya picha hizo wangali wanabishana kama boma libomolewe. Kwetu mto Lufira uliporomoka kwa kishindo kule Mwadingusha. Union Minière ikauziba, na tangu 1930 maji yale yanazungusha mashine za umeme. Umeme huo unatufaa, unapokuwapo. Waulizeni watoto wa shule kama wamewahi kuyaona maporomoko ya zamani, hata katika picha.

Wengine watasema haya ni mambo ya watu walioshiba. Mama anayeuza makala barabarani atafanya nini na picha ya mlima? Jibu letu ni kwamba makala yale yalikuwa msitu, na yeye ndiye anayeona kila mwaka baiskeli zikitoka mbali zaidi, gunia likipanda bei. Hakuna anayejua habari ya nchi hii inavyokauka kuliko yeye. Baba Mtakatifu Fransisko, aliyefariki mwaka 2025, alifundisha jambo hilo katika waraka wake Laudato Si' wa mwaka 2015: kilio cha dunia na kilio cha maskini havitenganiki. Alipofika Kinshasa mwaka 2023 aliwakemea wazi wanaoinyang'anya Kongo mali yake. Tulimpigia makofi mengi. Makofi hayatoshi kama hatuwezi kuionyesha nchi tunayosema inanyang'anywa.

Wengine watasema: mkiinua kamera katika nchi hii, mnaulizwa karatasi. Hilo tunalijua. Tangu zamani wakubwa wetu wameogopa picha kuliko bunduki, na hata leo anayepiga picha karibu na daraja au uwanja wa ndege hutafuta matata. Tunaona ni aibu mgeni kupata ruhusa ya kupiga picha milima yetu upesi kuliko mwenyeji. Wenye mamlaka waiandike ruhusa hiyo wazi, bei yake ijulikane, na mwanafunzi asilipe. Wala hatusemi vijana wakimbilie Upemba peke yao. Huko walinzi wameuawa na watu wenye silaha, na mzazi mwenye akili hamtumi mtoto mahali walinzi wanapokufa. Lakini Lofoi ipo. Maporomoko ya Kiubo yapo. Na asiye na nauli atoke nje ya mji atazame vichuguu, ambavyo katika uwanda huu wa Lubumbashi hupita urefu wa nyumba. Wageni husimama kuvishangaa. Sisi tunavivunja tufyatue matofali, kisha ndani ya nyumba ya matofali hayo tunatundika picha ya California.

Na watakaokwenda wasirudie dhambi ya picha tupu. Hapa mji wetu una mwalimu. Sammy Baloji, mzaliwa wa Lubumbashi, mwaka 2006 alipiga picha viwanda vya Gécamines vilivyokufa, na juu ya magofu yale akawabandika wafanyakazi kutoka picha za zamani, wanaume wenye minyororo na wanaume wenye vifua wazi, wakitutazama. Mtu hawezi tena kusema "gofu zuri". Tangu 2008 yeye na wenzake wamefanya hapa mjini maonyesho yanayoitwa Picha, neno letu wenyewe, na watu wa Ulaya huja kuyatazama. Wakristu wa parokia zetu wangapi wamefika? Watu wa Ulaya wasitushinde kwa kutazama nyumba yetu.

Kwa hiyo hatuombi picha za watalii. Tunataka Lofoi pamoja na mama anayechota maji chini yake. Tunataka kilima pamoja na mashamba yake ya muhogo, njia, makaburi, na kikanisa cha nyasi ambamo katekista huongoza sala padre asipofika. Hata lile lundo la mabaki ya shaba na bomba lake refu, ambalo kila mtoto wa Lubumbashi hulichora shuleni, lipigwe picha sasa, kwa maana nalo linapungua tangu lilipoanza kuyeyushwa upya kutoa kobalti.

Hii si kazi ya fedha nyingi. Vijana wa Kiro na wa Xaveri wana simu. Parokia ina mchapaji. Parokia ikitaka kalendari ya mwaka ujao, iwape vijana wake mwaka huu mzima. Februari, mvua ikiwa imejaa, ni mwezi wa Lofoi, kwa maana kiangazi maji yake hupungua mpaka yakawa uzi. Septemba ni mwezi wa miombo, majani mapya yanapotoka mekundu kama moto kabla ya mvua. Theluji ya Marekani haina uzuri wa kushinda huo. Juni, baridi na moshi. Novemba, mwezi wa marehemu, makaburi ya kijiji chini ya mti wake. Vijana wampigie picha mtu kwa ruhusa yake, wamwulize jina. Na kabla ya kuchapwa, kila picha irudishwe kijijini ilikopigwa, wazee waishike mkononi, waseme kilima kinaitwaje, na kijito, na ni nani aliyezikwa pale. Majina hayo yachapwe chini ya picha, pamoja na neno la Zaburi. Nafasi ipo.